Tunaipima Dini kwa Kipimo Gani?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa ya Nairobi, ambako watu hutafuta yaya, dereva au mlinzi, kuna sharti linalojirudia kuliko cheti cha shule au barua ya mwajiri wa zamani: awe mcha Mungu. Mwenye ploti huliweka anapotafuta mpangaji. Mwanasiasa hujitangazia sifa hiyo kila Jumapili, kipaza sauti cha kanisa kikiwa mkononi. Anayeliandika sharti hilo hana nia mbaya. Anataka mtu ambaye hatamtesa mtoto wake wala kuondoka na runinga. Ila nyuma ya maneno hayo mawili kuna nadharia nzima ya maadili, kwamba wema hutoka kwenye dini na asiye na dini hana cha kumzuia.

Nadharia hiyo ina wafuasi wengi. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo na karibu asilimia 11 ni Waislamu. Waliosema hawana dini hawakufika asilimia 2. Upande wa pili wapo vijana, na sauti yao imepanda tangu maandamano ya Juni 2024, wanaosema kinyume kwa uhakika uleule: dini ndiyo iliyotulaza usingizi, tuiweke kando, tubaki na akili na huruma, zinatosha. Naona pande zote mbili zimekosea, ingawa hazijakosea sawa.

Msimamo wangu ni huu, nami nausema nikiwa mtu anayesali. Wema hauanzi kwenye dini. Dini huukuta tayari, mara nyingi ikaulea, mara nyingine ikauua. Na tunalijua hilo kwa sababu sote, waumini kwa wasioamini, huihukumu dini yenyewe kwa kipimo ambacho hatukukabidhiwa mimbarini.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Shughuli ilipokwisha, miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa, mingi ikiwa ya watoto. Waendesha mashtaka wanadai kuwa mhubiri Paul Mackenzie aliwashawishi wafuasi wake wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Linalonihusu hapa ni namna sisi tulivyozipokea habari zile. Maaskofu walilaani, maimamu walilaani, wasioamini walilaani. Hakuna aliyesema angoje kwanza wanazuoni wachambue aya za kufunga ndipo ajue kama kumnyima mtoto chakula mpaka afe ni uovu. Tulijua papo hapo, na tulijua pamoja.

Wahubiri wengi walieleza kuwa yale hayakuwa Ukristo wa kweli, ulikuwa upotoshaji. Nakubali. Lakini itazame hatua waliyoiruka haraka. Ndani ya Biblia ileile yumo Ibrahimu anayeamriwa kumtoa mwanawe sadaka, na yumo Yesu anayetaka watoto waachwe waje kwake. Mtu anayeshikilia kuwa la pili ndilo litawale, na la kwanza lisomwe kwa namna ambayo kamwe haimruhusu mzazi wa leo kumdhuru mwanawe, ameshafanya uamuzi wa kimaadili kabla ya kufungua kitabu. Aya hazikumwambia ipi iitangulie ipi. Atasema ni mapokeo ya kanisa, au ni Roho Mtakatifu anayemwongoza. Lakini waliokwenda Shakahola nao waliamini kuwa wanaongozwa na Roho. Ili kuitenga sauti moja na nyingine unahitaji kigezo, na kila ukikifuatilia kigezo hicho hadi mwisho unaishia kwenye swali moja: je, linaloamriwa ni jema?

Swali hili ni kongwe. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimwonyesha mwalimu wake Sokrates akimhoji mtu aliyekuwa anamshtaki baba yake mzazi mahakamani, tena akiamini kuwa anatimiza wajibu wa dini. Jambo takatifu ni takatifu kwa kuwa miungu hulipenda, au miungu hulipenda kwa kuwa ni takatifu? Ukishika jibu la kwanza, wema unakuwa amri tupu, na amri ikibadilika kesho, ukatili unakuwa wema. Ukishika la pili, wema ulikuwapo kabla ya amri, na amri njema ni ile inayoufuata.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya Wagiriki na Wazungu. Wanazuoni wa Kiislamu wa Basra na Baghdad walijadiliana juu yake kwa karne kadhaa. Mutazila, kundi mojawapo la wanazuoni hao, walishikilia kuwa akili ya binadamu inaweza kujua kwamba dhuluma ni mbaya hata kabla ya wahyi kushuka. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyewahi kuwa mmoja wao kisha akajitenga nao, alijibu kuwa jema ni lile aliloamuru Mungu. Al-Maturidi wa Samarkand akasimama katikati. Wanazuoni wa pwani yetu, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, kwa kawaida wamekuwa upande wa al-Ash'ari, kwa hiyo najua kuwa ninalolisema lina wapinzani wenye hoja nzito, na ni wa hapa hapa nyumbani. Lakini hata wao husoma katika Sura ya Ash-Shams kwamba Mungu ameifahamisha nafsi uovu wake na wema wake. Na Mkristo husoma katika Warumi sura ya 2 kuwa watu wa mataifa, wasio na torati, hutenda kwa asili yao yale yanayotakwa na torati, kwa sababu yameandikwa mioyoni mwao. Vitabu vyenyewe, basi, havidai kuwa ndivyo mlango pekee wa kuyajua mema. Dai hilo limeletwa na wafafanuzi.

Desemba 21, 2015, basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa na al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria walijua kinachofuata. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, katika basi jingine la njia hiyo, watu 28 walitengwa na kuuawa kwa kuwa si Waislamu. Safari hii wanawake wa Kiislamu waliwavisha Wakristo hijabu, na abiria wakakataa kutenganishwa. Waliwaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi, na Januari iliyofuata akafariki akiwa anatibiwa hapa Nairobi.

Wenye bunduki na mwalimu Farah walitamka shahada moja. Anayetaka kutumia siku ile kuonyesha uzuri wa dini atafanikiwa, na anayetaka kuonyesha ubaya wake atafanikiwa pia, maana dini ilikuwa pande zote mbili za bunduki. Sitaki kumvua Farah imani yake. Sina shaka kwamba ilimtia nguvu. Ninachosema ni kuwa imani hiyohiyo, mdomoni mwa mwingine, iligeuzwa orodha ya watu wa kufa. Tofauti yao ilikuwa katika namna kila mmoja alivyomtazama aliyeketi kiti cha pili.

Uwezo huo wa kuguswa na maumivu ya mwingine ni wa kale kuliko dini zote tuzijuazo. Mwaka 2003, huko Samburu, watafiti walimshuhudia tembo jike waliyemwita Eleanor akianguka. Tembo mwingine, Grace, wa familia tofauti kabisa, alimjia, akamwinua kwa pembe zake na kumsukuma ili atembee. Sisemi kuwa tembo ana maadili. Lakini ile hali ya kutotulia mwenzio anapoanguka haikungoja mhubiri.

Hata hivyo, wanaosema huruma inatosha wanapaswa kuitazama nchi hii vizuri. Huruma ina upendeleo. Humwona aliye karibu, anayesema lugha yangu, ambaye mtoto wake anafanana na wangu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu 1,133 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zile, na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Waliochoma nyumba za majirani hawakuwa watu wasioweza kulia. Wengi walisukumwa na uchungu juu ya watu wao, na uchungu huo ukawapofusha wasiuone wa wengine. Makanisa nayo hayakusalimika. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kuwa viongozi wake walikuwa wameegemea pande, ndiyo maana wakashindwa kuukabili ubaya ule, na likaomba radhi. Watu waliokuwa wamehubiri upendo maisha yao yote walipenda mpaka wakafika ukingoni mwa kabila, wakasimama hapo.

Hata haraka tu inaweza kuizima huruma. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya na wanafunzi wa theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa jengo la pili kutoa mazungumzo mafupi. Baadhi mada yao ilikuwa ni Msamaria Mwema. Njiani walimkuta mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya waliokuwa na wakati wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa kuwa wameshachelewa, asilimia 10. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Anayekimbilia matatu barabara ya Tom Mboya jioni, kabla nauli haijapandishwa, akamruka mtu aliyelala kando ya njia, hahitaji kwenda Princeton kuyaelewa matokeo hayo.

Na akili? Akili ikiachwa peke yake inatisha zaidi. Juni 1957, Eric Griffith-Jones, Mwanasheria Mkuu wa serikali ya kikoloni hapa Nairobi, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu kupigwa kwa wafungwa wa Mau Mau kambini. Ni waraka wa mtu msomi, makini, anayejali mipaka. Unaeleza sehemu za mwili zisizopaswa kupigwa, kama vile wengu, ini na figo, ili kipigo kibaki ndani ya sheria. Kisha akaandika kwamba iwapo ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya kimya. Machi 3, 1959, kwenye kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Serikali ya Uingereza ilingoja hadi 2013 ndipo ikaeleza majuto yake na kukubali kuwalipa zaidi ya wahanga 5,000 jumla ya pauni milioni 19.9.

Griffith-Jones alijua. Dini yake ilikuwa imempa jina la kitu anachokifanya, na akili yake ikampa njia ya kukifanya bila kuonekana. Alichokosa ni kumhesabu mtu aliyelazwa chini ya kiboko kuwa ni mtu. Ndiyo sababu siamini kwamba mjadala huu utamalizwa kwa kuchagua mshindi kati ya dini na akili. Vyote viwili vilikuwapo katika ofisi ile, na wafungwa wa Hola walikufa.

Anayeniuliza basi dini ina kazi gani, namwelekeza All Saints, kanisa kuu la Kianglikana lililo karibu na Uhuru Park. Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wangu Wamwere, pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kususia chakula bustanini pale wakidai wana wao waachiliwe. Machi 3 polisi wakawavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari. Kwa mila zao hiyo ni laana, mama kumwonyesha uchi wake kijana wa rika la mwanawe, na hakuna askari aliyekulia nchi hii asiyelijua hilo. Walipofukuzwa bustanini, All Saints ikawafungulia mlango. Wakakaa humo kwa takriban mwaka mmoja, hadi karibu wana wao wote wakawa wameachiliwa.

Tazama vilivyoshirikiana pale. Ulikuwapo uchungu wa mama, ambao hauna dhehebu. Ilikuwapo hoja ya akili: Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kilikuwa kimefutwa, sasa vipi mtu aendelee kuozea gerezani kwa kudai kile ambacho kimeshahalalishwa? Ilikuwapo mila iliyotangulia kanisa. Na lilikuwapo kanisa lenyewe, na kuta zake, na jina ambalo polisi walisita kuligusa. (Miaka mitano baadaye, Julai 7, 1997, hawakusita, waliingia na kuwapiga watu ndani ya kanisa hilohilo.) Huruma ya mama mmoja hudumu kadiri mwili wake unavyostahimili. Taasisi inaweza kuihifadhi mwaka mzima, ikaitafutia blanketi, uji na mawakili. Hilo dini hulifanya vizuri kuliko kongamano lolote la wanafalsafa, na wenzetu wasioamini wangetenda haki kulikiri.

Lakini kulikiri hilo si kukubali kuwa All Saints ndiyo iliyowafundisha akina mama wale tofauti ya haki na dhuluma. Walikuja nayo. John Mbiti, mwanatheolojia mzaliwa wa Kitui, alitufundisha kuwa Mwafrika ni mtu wa dini katika kila jambo, na wengi tumeridhika kuishia hapo. Marehemu Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, hakuridhika. Alikwenda vijijini kuwahoji wazee wenye hekima, akitaka kujua wanafikiri nini wao wenyewe, mbali na yale yanayosemwa na jamii nzima. Mmoja wao alikuwa Oruka Rang'inya, baba yake mzazi. Mzee huyo alishikilia kuwa ni kosa kumfanya Mungu awe mtu fulani. Kwake Mungu ni wazo, wazo la wema wenyewe, na ni wazo lenye manufaa maishani. Yaani mzee wa Kijaluo ambaye hakumsoma Plato aliliona swali lile na akachagua jibu: wema kwanza. Huko Ghana, mwanafalsafa Kwasi Wiredu alifika karibu na hapo aliposema kuwa maadili ya Waakan yamejengwa juu ya maslahi ya watu, hayategemei amri za kutoka juu.

Hoja inayobaki, na ndiyo ninayoisikia zaidi, ni ya uoga. Bila Mungu anayeona gizani, kwa nini mtu asiibe? Jibu lake la karibu liko Westlands. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate lilipovamiwa na magaidi na watu 67 wakauawa, kituo cha jumuiya ya Oshwal kilicho jirani kiligeuka kuwa makao ya waokoaji na mahali pa kuhudumia majeruhi. Waoshwal ni Wajaini. Dini yao haina Mungu muumba anayetoa amri na kuwatupa wakosaji motoni. Msingi wake ni kutodhuru kiumbe. Anayesema hakuna wema bila hofu ya Mungu ana wajibu wa kutueleza majirani hawa.

Tena tumejaribu hofu kwa muda mrefu. Pesa za M-Pesa zikienda namba isiyo yake, aliyezipokea ana dakika chache za kuamua azitoe haraka au azirudishe. Hakuna anayemwona. Wapo wanaorudisha na wapo wanaozima simu, na katika makundi yote mawili kuna waumini tunaowajua. Nchi ambayo zaidi ya asilimia 95 ya watu wake wana dini ilipata alama 32 kati ya 100 (100 ikiwa ni usafi kamili) katika ripoti ya ufisadi ya Transparency International ya 2024. Alama hizo hazithibitishi kuwa dini huzaa wizi, na anayezitumia hivyo anadanganya. Zinaonyesha tu kwamba hofu haizuii kama tunavyojiaminisha, na nadhani najua sababu mojawapo. Tukishakubali kuwa ucha Mungu ndio ushahidi wa uadilifu, mwizi mwerevu hatajisumbua kuacha wizi. Atatafuta ushahidi. Atachangia ujenzi wa kanisa, atapigwa picha amefumba macho, na hakuna atakayemuuliza zile milioni amezitoa wapi.

Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi alipoamuru shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais Ruto katika parokia ya Soweto, Kayole, zirudishwe, akitaja maadili ya kanisa na hatari ya kutumiwa na siasa. Alikipima kitendo chenyewe, bila kujali mtoaji anasali mara ngapi. Akifanya hivyo kiongozi wa dini, dini haipungui hata chembe.

Kutoka hapo mambo mawili yanafuata. La kwanza ni la haki. Jumuiya ya wasioamini Mungu ilisajiliwa nchini mwaka 2016, na miezi michache tu baadaye usajili wake ukasimamishwa, baadhi ya watu wakilalamika kuwa itaharibu amani na maadili ya umma. Katiba yetu inamtaja Mwenyezi Mungu katika utangulizi wake, kisha katika ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa, na katika ibara ya 32 inamlinda kila mtu katika dhamiri yake. Kumnyima mtu kazi, nyumba au usajili kwa sababu hasali ni kumdhulumu, na dhuluma hiyo haitakaswi na nia njema ya anayeitenda.

La pili ni la shule. Maadili kwa watoto wetu hufundishwa zaidi ndani ya somo la dini, la Kikristo, Kiislamu au Kihindu. Mtoto anaikariri amri, anaijibu kwenye mtihani, anapata alama zake. Ningetaka mwalimu huyohuyo, akiwa na kitabu hichohicho mkononi, amuulize pia kwa nini. Uongo huu unamuumiza nani? Ungekuwa wewe ndiye uliyedanganywa? Na kama anayekuamuru ni mkubwa wako, au mchungaji wako, unaruhusiwa kukataa lini? Maswali hayo hayamwondoi mtoto kwenye imani ya wazazi wake. Yanampa cha kujibu siku atakapokutana na mtu mwenye Biblia au Kurani mkononi anayemwamuru kumdhuru mwenzake, na mwalimu wa dini hana haja ya kungoja mtaala mpya ndipo aanze kuyauliza.